Mgonjwa Asiyeweza Kuelezwa

Manyoya ya mbwa huficha mengi, na wembe ukishapita, yote huwa hadharani. Doa ana mgongo wa rangi ya udongo mwekundu na baka jeupe kifuani, ambalo ndilo lililompa jina. Tumbo lake hakuna aliyewahi kulichungulia, maana ni tumbo la mbwa wa kienyeji aliyezoea kulala kifudifudi kwenye vumbi chini ya mwembe. Siku aliporudi kutoka kwa daktari wa mifugo alikuwa amenyolewa kuanzia chini ya mbavu hadi kwenye kinena, na ngozi iliyofunuliwa ilikuwa laini, nyekundu iliyofifia, yenye vidoti vyeusi vilivyotawanyika. Katikati yake ulipita mstari wa nyuzi za bluu. Kila fundo lilikazwa peke yake, na juu ya kila fundo ncha mbili za uzi zilisimama wima, ngumu kidogo ukizigusa kwa kidole. Kwenye mguu wa mbele palikuwa na kiraka kingine kilichonyolewa, mahali ilipopita sindano ya dripu. Nilikaa sakafuni nikiitazama ile mishono kwa muda mrefu. Mwili wa kiumbe asiye na neno hata moja la kusema ulikuwa umefunguliwa na kufungwa tena kwa uamuzi wangu, na mwenyewe, akiwa bado amelewa dawa ya usingizi, aliinua kichwa akanitazama.

Alikuwa ametolewa kizazi. Ugonjwa uliompeleka kwenye kisu huwapata majike ambao hawajafungwa uzazi, hasa wakishafika umri wa makamo. Wiki chache baada ya joto kupita, mwili unakuwa umeandaa kizazi kwa mimba ambayo haikutungwa. Ukuta wake hunenepa, bakteria hupanda kutoka nje, na mahali palipoandaliwa kulea uhai hujaa usaha. Jike hunywa maji kuliko kawaida, hukojoa kila mara, hukataa chakula, hutapika, hulala. Mlango wa kizazi ukiwa umefunga, usaha hauna pa kutokea na sumu yake huingia kwenye damu. Hapo siku za kuishi huwa za kuhesabu. Doa alimaliza bakuli lake la maji akaenda kwenye la kuku, akalimaliza nalo, kisha akaupita ugali wake wa dona na dagaa bila hata kuunusa. Hakulia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na waliyekuwa wakimwonya ni mtu anayeficha kwa aibu. Mbwa huficha kwa sababu ya kale zaidi kuliko aibu: porini, anayeonyesha udhaifu hujipunguzia maisha. Ndiyo maana wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, walitengeneza kipimo cha maumivu ya mbwa kinachotegemea macho na mikono ya anayemtazama. Amesimamaje? Anatembeaje? Anakigeukia kidonda na kukilamba? Ukibonyeza kando ya jeraha, anageuza kichwa, ananguruma, au anakaa kimya? Mgonjwa hajibu swali lolote. Anayeuguza ndiye anayesoma.

Usiku wa kwanza huwa mrefu kwa yeyote aliyewahi kumsubiri mgonjwa azinduke. Dawa ya usingizi haiondoki mwilini kwa mkupuo mmoja. Mbwa hutetemeka, kwa kuwa dawa hushusha joto la mwili, na joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 hivi, juu kidogo ya letu. Hulialia bila kujua anachokililia. Hujaribu kusimama, miguu ya nyuma ikakataa. Huyatoa macho na macho yenyewe hayaoni aliye mbele yake. Nilitandika mkeka sakafuni, juu ya mkeka blanketi, na juu ya blanketi kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa, nikamlaza ubavu, nami nikalala kando yake. Hapa Morogoro mvua ya Uluguru utaisikia kabla hujaiona: huanza kwa mvumo wa mbali juu ya miti, ikashuka mteremko, ikafika kwenye mabati ya jirani, ndipo ikaja kwako. Ilishuka hivyo usiku ule. Niliweka kiganja ubavuni pake nikawa nafuatisha pumzi, ikipanda, ikisita, ikishuka, na kila iliposita nami nilisita. Alipolia nililitaja jina lake kwa sauti ya chini, na kila nilipolitaja sikio moja lilisogea. Hiyo ndiyo lugha yote tuliyobaki nayo: jina lake, joto la kiganja, na harufu yangu ambayo naamini ilimfikia kabla ya hayo mawili.

Kuliko usingizi, nilichokitaka usiku ule ni kumweleza. Kumwambia kwamba maumivu haya yana mwisho, kwamba ndani yake palikuwa na kitu kilichokuwa kinamuua na sasa hakipo, kwamba kidonda hiki kimetoka kwenye mkono unaompenda. Mgonjwa wa kibinadamu tunampa sababu kabla ya kumpa dawa. Daktari huketi ukingoni mwa kitanda akamwambia tutakata hapa, utaamka na maumivu, kesho kutwa utatembea. Na mtu huyo, hata akiogopa, huingia chumba cha upasuaji akiwa na kitu cha kushikilia. Anayejua kwa nini anaumia hupata pa kuyaweka maumivu yake. Sasa tazama mambo kutoka upande wa Doa. Watu aliowaamini walimbeba wakampakia kwenye bajaji, wakampeleka kwenye nyumba inayonuka spiriti, wakamshika kwa nguvu huku wakimbembeleza. Alichomwa, dunia ikazimika. Ilipowaka tena tumbo lilikuwa linawaka nalo, na wale wale watu wamemzunguka. Hakuna daraja kati ya usiku na asubuhi ya hadithi hiyo. Sisi tulioshika kichwa chake tunajua kwamba tulikuwa tunamwokoa. Yeye anachojua ni kwamba tulikuwepo na hatukuzuia.

Mgonjwa haulizwi uji, husema wazee, na methali hiyo imelisha wagonjwa wengi ambao wangeulizwa wangesema hapana. Ni methali ya rehema: usimtwishe dhaifu mzigo wa kuamua. Lakini ina deni ndani yake. Anayempa mtu uji bila kumuuliza amejitwika kujua kwa niaba yake kama uji ni moto mno, kama koo linameza, kama leo tumbo litakubali. Kwa binadamu deni hilo hulipwa siku anapopata nafuu na kutuambia mlinipa vizuri, au mlinichoma ulimi. Kwa mbwa halilipwi kamwe. Kila uamuzi unabaki juu ya aliyeufanya. Nimpe mchuzi wa kuku na wali uliolainika, bila chumvi na bila kitunguu, kwa sababu kitunguu huharibu damu ya mbwa. Nimpe dawa ya maumivu aliyoandika daktari kwa uzito wake, na vidonge vya kabatini kwangu vibaki kabatini, kwa sababu ibuprofen inayotutuliza sisi kichwa inaweza kumtoboa yeye tumbo na kumuua figo. Nimzuie kuruka, kukimbia, kupanda ngazi, mambo ambayo ndiyo furaha yake yote duniani. Upendo wa siku hizo huonekana, kwa anayependwa, kuwa mfululizo wa makatazo.

Na katazo kubwa kuliko yote ni kumnyima ulimi wake. Mbwa hulamba kidonda. Ndivyo alivyoumbwa, na watu wengi wa kwetu huamini kwamba mate yake ni dawa. Katika Injili ya Luka, Lazaro maskini amelala mlangoni pa tajiri mwili umejaa vidonda, na wanaomjia ni mbwa, wakavilamba. Nimewahi kusikia mahubiri yanayowafanya mbwa hao kuwa aibu ya mwisho ya maskini yule, na nimewahi kusikia mengine yanayowafanya kuwa wauguzi pekee aliowapata. Mimi ninaamini yale ya pili. Hata hivyo ulimi unaofariji mkwaruzo hufungua mshono. Uzi huregea, bakteria wa kinywani huingia, na ukuta wa tumbo ulioshonwa kwa tabaka unaweza kuachia. Kwa hiyo mbwa huvalishwa kola ya plastiki shingoni, na pasipo na kola wafugaji wetu huchukua ndoo ndogo, hukata kitako, huizungushia kingo kitambaa ili zisimkate, na kuifunga kwa mkanda wa shingo. Doa alivaa ndoo ya namna hiyo, ya kijani, na juu ya mishono fulana ya mtoto iliyofungwa fundo mgongoni. Aligonga miimo ya milango. Alisimama katikati ya chumba kwa muda mrefu, akiwa hajui pa kuelekea ikiwa dunia imebaki duara moja mbele ya pua. Wakati wa kusafisha kidonda nilimvua ndoo, nikamshika taya, nikapitisha pamba yenye dawa pembeni mwa mshono taratibu, na ngozi ya tumbo ikawa inacheza. Nilipomaliza, akaulamba mkono ule ule. Mkono mtupu haulambwi, wamesema wenye hekima, na katika mambo ya dunia ya watu nimeona ukweli wa neno hilo mara nyingi. Mkono wangu haukuwa mtupu tu. Ulikuwa umetoka kumuumiza. Aliulamba, kwanza kiganja, kisha vidole, kimoja baada ya kimoja.

Nimewahi kuona kitu kinachofanana na hicho. Bibi yangu, mama wa mama yangu, aliishi miaka yake ya mwisho akiwa amesahau. Alisahau kwanza majina, kisha nyumba, kisha sababu. Jioni zilikuwa ngumu kwake. Jua likianza kuzama alisimama akafunga kanga kiunoni akataka kwenda kwa mama yake, aliyekufa kabla sisi wajukuu hatujazaliwa. Alipoumwa na kulazwa, kila sindano ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Mama yangu alimweleza: mama, ni dawa, una homa. Alielewa, akaitikia, akatulia. Na kabla muuguzi hajafika kitanda cha pili alikuwa amesahau, akauliza kwa hofu ile ile ni nani amemfunga mkono. Maelezo yalikuwa maji kwenye tenga. Kilichobaki kufanya kazi ni mkono wa mama yangu mgongoni mwake na wimbo wa kubembelezea watoto ambao bibi mwenyewe ndiye aliyeufundisha. Mama hakuacha kueleza, kwa kuwa heshima ilimtaka aeleze. Lakini aliacha kutegemea maelezo. Alikaa. Nikimtazama nilidhani wakati ule kwamba anangoja bibi aelewe. Siku hizi ninajua kwamba hakuwa akingoja kitu. Kukaa kwenyewe ndiko kulikokuwa kazi.

Kazi hiyo ni ya kale kuliko jembe. Mwaka 1914, huko Oberkassel, kando ya mji wa Bonn nchini Ujerumani, wachimba mawe waligundua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa miaka ipatayo 14,000 iliyopita, na pamoja nao mifupa ya mtoto wa mbwa. Watafiti walipoyachunguza upya meno yake, wakatoa matokeo yao mwaka 2018, walikuta alama za distempa, ugonjwa wa virusi ambao hadi leo huua watoto wa mbwa kwa homa, kuhara na degedege. Aliugua akiwa na umri wa karibu miezi mitano, akapata nafuu, akaugua tena, akafa akiwa hajafikisha miezi saba. Mtoto wa mbwa mwenye ugonjwa huo, akiachwa peke yake, hafiki mbali. Huyu aliishi wiki kadhaa, na maelezo ya kuridhisha ni kwamba kulikuwa na mtu aliyempa maji, aliyemfuta matapishi, aliyemlaza mahali penye joto. Fikiri juu ya watu hao: wawindaji wa zama za baridi kali, wasio na ghala wala shamba, wanamlisha mbwa ambaye hawezi kuwinda, hawezi kubweka vizuri, na hatakuja kuweza. Hawakuwa na neno la bakteria wala virusi. Hawakuweza kumweleza, na hata wao kwa wao hawakuwa na cha kuelezana. Walikaa naye, na alipokufa wakamweka pamoja na watu wao.

Dereva wa bajaji aliyetubeba kwenda kwa daktari aliendesha taratibu njia nzima, akikwepa mashimo kama aliyebeba mama mjamzito. Aliporudi siku nyingine kuulizia hali, aliniuliza swali alilokuwa amelibeba: "Mwalimu, fedha zote zile kwa mbwa?" Aliuliza kwa upole, na ana haki ya kuuliza, mama yake alikuwa anangoja zamu ya upasuaji wa jicho. Swali hilo halifai kujibiwa kwa haraka, wala kwa ukali. Wapo watu katika mitaa yetu wanaokosa fedha ya vipimo, na yeyote anayemtibu mbwa wake bila kuwakumbuka watu hao amepungukiwa na kitu. Lakini huruma si akiba ya unga inayopungua kila ukichota kibaba. Huruma ni ya kujifunza kwa mikono, na mikono iliyozoea kugusa kidonda bila pupa haichagui baadaye ni cha nani. Sijapata kumwona mtu aliyekuwa mpole kwa mnyama mgonjwa akawa kwa sababu hiyo mkali kwa mzee wake. Dereva yule mwenyewe alikuwa amejibu kabla ya kuuliza, kwa jinsi alivyopunguza mwendo kwenye matuta.

Jirani yangu wa upande wa mashariki ni mama mtu mzima, mtu wa swala tano. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na bara yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Mama huyu hamgusi Doa, wala Doa havuki kizingiti chake. Kila asubuhi alikuja hadi kwenye ua wa michongoma, amekusanya upindo wa baibui kwa mkono mmoja. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mgonjwa kaamkaje?" "Ameamka salama, mama. Kanywa mchuzi." "Alhamdulillahi." Kisha akapitisha juu ya ua kopo la mchuzi wa mifupa, umepoa, hauna chumvi, kama alivyokuwa ameuliza na kuambiwa. Yapo katika Hadithi masimulizi ya msafiri aliyeshuka kisimani kukata kiu, akapanda, akamkuta mbwa anaramba udongo wenye unyevu kwa kiu. Akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akakibana kwa meno ili mikono imsaidie kupanda, akamnywesha. Na Mungu akamsamehe dhambi zake. Mama yule anayajua masimulizi hayo tangu madrasa. Usafi wake na rehema yake havigombani, kila kimoja kina mahali pake. Nilijifunza kwake kwamba unaweza kuuguza hata kwa umbali wa ua, ikiwa mkono unafika.

Nami nikirudi kwenye ile mishono ya bluu, nakumbuka kwamba ufundi wa kushona miili yetu ulipita kwanza kwenye miili yao. Mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walitoa kongosho la mbwa, wakawatia wengine dondoo lake, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa kisukari akachomwa insulini. Katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Vivien Thomas, Mmarekani Mweusi aliyekosa fedha za kusomea udaktari akawa fundi wa maabara, alijifunza kwa mbwa jinsi ya kuunganisha mishipa midogo ya damu karibu na moyo. Tarehe 29 Novemba 1944, daktari Alfred Blalock alipompasua mtoto mdogo wa kike aliyekuwa bluu kwa kukosa hewa kwenye damu, Thomas alisimama nyuma ya bega lake akimwelekeza. Mmoja wa mbwa waliotangulia mezani aliitwa Anna. Aliishi miaka baada ya upasuaji, na picha yake ikaja kutundikwa ukutani pale hospitalini. Wengine wengi hawana jina wala picha. Hakuna hata mmoja aliyeelezwa. Watoto wanaopumua leo kwa sababu ya mishipa ile wamepewa uhai na wagonjwa ambao hawakujua kwamba wanatoa. Mtu akiniambia kuwa mbwa hana haki ya kushonwa kwa uzi wa hospitali, namwomba aanze kuhesabu kutoka Baltimore.

Magonjwa nayo hayajui mpaka kati ya banda na nyumba. Distempa ile ile ya mtoto wa mbwa wa Oberkassel iliingia Serengeti mwaka 1994 na kuua karibu theluthi ya simba. Mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi walikuwa miongoni mwa waliobeba virusi hivyo. Kichaa cha mbwa, ambacho kwa binadamu karibu kila mara hutoka kwenye jino la mbwa, hukoma pale asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapochanjwa kila kampeni, na anayelindwa kwanza na sindano hiyo ni mtoto anayetembea kwa miguu kwenda shule. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaja mnyama kuwa mwenye kuhisi maumivu. Yote hayo husimama juu ya tendo moja dogo linalorudiwa: mtu anamshika mbwa kwa utulivu, anamnong'oneza, na mwingine anamchoma sindano kwa faida ambayo mbwa hataijua.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 kidonda kikiwa kikavu. Daktari alikata kila fundo, akavuta, na Doa akatazama pembeni. Manyoya yalikwisha kuanza kurudi, mafupi, yanachoma kiganja. Mwenye kovu usidhani kapoa: methali hii ni kweli hata kwa hadubini. Ngozi iliyofunga haijawa ngozi ile ya mwanzo. Chini yake nyuzinyuzi mpya hupangwa na kupangwa upya kwa miezi, na hata baada ya miezi mitatu hivi kovu hufikia kama asilimia 80 ya nguvu ya ngozi ambayo haikuwahi kukatwa. Nguvu hiyo haiongezeki sana baada ya hapo. Anayeuguza hujifunza kutofurahi mapema na kutokata tamaa mapema. Doa anakimbia tena, na akikimbia mimi bado natazama tumbo.

Wengine hugeuza jambo hili na kusema kwamba sisi nasi ni mbwa mezani, na kila maumivu yetu yana daktari anayejua sababu. Ninawaheshimu wanaopata faraja hiyo. Mimi sijui kuyasemea maumivu ya wote. Nimeona mengi mno ambayo hayakuponya kitu. Funzo nililolipata liko upande wa aliyeshika pamba. Tumezoea kutunza wale wanaoweza kutushukuru kwa maneno, na kuwachoka haraka wale ambao hawawezi hata kujua tunachowafanyia. Mtoto mchanga anayelilia sindano ya chanjo, mzee aliyesahau jina la bintiye, mgonjwa aliyezimia wodini, mnyama aliyeshonwa tumbo: hawa hawatatudai maelezo, na hawatatupa shahada ya kwamba tulifanya vema. Watatudai maji safi, dawa kwa saa yake, mahali pakavu pa kulala, na mtu wa kukaa nao mpaka kupambazuke. Yote hayo yamo ndani ya uwezo wa mikono yetu, na kwa hiyo yamo ndani ya wajibu wetu.